Habari za Baba Nilizopeleka Nkanka

Wapendwa wenzangu wa kwaya,

Tangu nirudi, kila mmoja wenu ananivuta pembeni baada ya misa na kuniuliza ilikuwaje. Kila mmoja nampa kipande tofauti, kwa sababu sijawahi kufika katikati. Nimeona niandike mara moja, nikifuata njia yenyewe kutoka hapa Kayanga hadi ziwani. Ninyi ndio mlioimba siku tulipomzika baba, basi mna haki ya kujua habari zake zilipokelewaje kwao.

Wengi wenu mlimjua Mzee Venanti kama yule mtu aliyechimba nusu ya vyoo vya mji huu. Baadhi mnajua pia kwamba alipigana vita vya Kagera. Lakini kwamba alizaliwa Nkanka, kando ya Ziwa Kivu huko Rwanda, wilaya ya Rusizi ambayo mpaka mwisho aliiita Cyangugu, hilo alilisema mara chache, na hata sisi watoto wake hatukulizoea.

Mwaka jana mama mmoja mfanyabiashara kutoka Kamembe, anaitwa Maman Zuhura, alikuja Karagwe kununua maharage. Akamsikia baba akiongea sokoni, akasimama. "Papa, weye ni muntu ya wapi?" Baba akajibu Nkanka. Yule mama akataja majina mawili matatu, kisha akasema, "Konsolata namujua. Maman Konsolata ya samaki. Iko muzima." Baba aliketi juu ya gunia la maharage na hakuinuka kwa muda mrefu. Konsolata ni dada yake. Tangu mwaka ule wa mauaji aliamini kwao hakubaki mtu.

Kuanzia siku ile alikuwa akisema, "Nikipata nafuu, nitakwenda." Nafuu haikuja. Siku za mwisho alinishika mkono akasema, "Adelina, nenda kwa Konsolata." Mama akakataa nisimpigie Maman Zuhura kumweleza kifo. Habari kama hiyo, alisema, inapelekwa kwa miguu. Kwa hiyo nilipiga simu na kusema neno moja tu: tunakuja. Nilisema "tunakuja" kwa sababu ndivyo tunavyosema hata mtu akiwa peke yake. Mtaona lilivyonigharimu.

Kayanga hadi Rusumo

Nilibeba zawadi ya kwetu, kahawa za kutafuna, nimezifunga kwenye mfuko wa plastiki kama mjinga. Rusumo, mpakani, mfuko ulichukuliwa, kwani wenzetu hawaitaki plastiki kabisa. Kahawa zangu zikamiminwa kwenye ncha ya khanga, nikafunga fundo. Dada mmoja mkaguzi alichukua punje moja, akaiangalia, akauliza, "Hii mnaipika kwa saa ngapi?" Nikamwambia haipikwi, inatafunwa. Akaitia mdomoni kwa heshima, kisha nikamwona ameenda nyuma ya nguzo.

Darajani maji yanaporomoka chini yako kwa kishindo mpaka huwezi kumsikia mwenzako. Nilisimama pale nikifikiri kwamba baba alipita hapa akiwa kijana, akiwa na jembe tu, akija kutafuta vibarua vya kahawa. Upande wa pili nilivuka barabara nikitazama upande usio sahihi, maana kwao magari yanapita kulia, na pikipiki nusura inichukue. Halafu saa yangu ilikuwa imewatangulia kwa saa nzima. Nilikimbilia basi nikihema, nikakuta hata dereva hajafika. Nikakaa kwenye benchi, nikala mhogo wa kuchemsha, nikawaangalia Wanyarwanda wakinishangaa kwa haraka zangu.

Kigali nililala kwa masista, na asubuhi nikapanda gari la Kamembe.

Msitu wa Nyungwe

Njia kutoka Huye inapanda taratibu, halafu mashamba ya chai yanaisha ghafla na msitu unaanza. Baridi ikaingia. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na tulipofika katikati ya msitu tukakuta foleni ya magari na watu wamesimama barabarani. Mlima ulikuwa umeporomoka. Udongo mwekundu na miti mizima ilikuwa imelala juu ya lami.

Abiria wa jirani yangu alikuwa fundi wa kiwanda cha saruji kule Bugarama, mtu mzima mwenye kofia ya kufuma, jina lake Idi. Alikuwa amebeba viazi vitamu vya kuchemsha kwenye kitambaa, akanigawia bila kuuliza. Ubaridi ule, viazi vile, sitavisahau. Mbega walikuwa wakiruka juu yetu, mikia yao myeupe inaning'inia kama shali. Hakuna aliyewaangalia sana.

Trekta la kusukuma udongo lilikuwa linasubiriwa. Lakini wanaume walichoka kusubiri, wakaanza kushusha makoleo na majembe kutoka kwenye malori. Idi naye akavua koti, akanikabidhi, akaenda. Nikamwangalia akichimba na nikaanza kulia. Aliporudi ana matope mpaka magotini akaniuliza, "Dada, nani alikufa?"

Nikamweleza. Nayaandika hapa kama nilivyomweleza Idi, kwa sababu ndiyo mara ya kwanza nilipoyasema mfululizo.

Baba alifika Karagwe na mwenzake mmoja, Bazili, kijana wa Butare, tarafa nyingine ya huko huko Rusizi. Ndiye yule Bazili mwenye kigugumizi mnayemfahamu, aliyesimama kaburini mpaka wote tumeondoka. Walichimba mashimo ya kahawa kwa tajiri mmoja, wakalala kwenye banda moja. Baba akamwoa mama. Vita vilipoanza na watu wa ng'ambo ya mto wakaanza kupita kwetu na mbuzi na magodoro, wanaume wakaandikishwa mgambo. Vibarua wageni hawakulazimishwa. Baba na Bazili wakaenda wenyewe. Mama alikuwa na mimba yangu. Alimuuliza, "Nchi si yako, unakwenda kufanya nini?" Akamjibu, "Mtoto atazaliwa hapa."

Kwanza walibebeshwa makombora ya mizinga kichwani, kama walivyobeba magunia ya kahawa. Halafu wakachimbishwa mahandaki. Waliopigana walipopungua, wakapewa bunduki. Walikwenda hivyo mpaka Masaka, ndani ya Uganda, na mbele yake. Alirudi mimi najifunza kutembea, sikio moja halisikii, na kwa maisha yake yote hakupenda kuulizwa.

Idi alinisikiliza akipangusa koleo la watu kwa majani. Akasema tu, "Allah amurehemu. Mukono ya kuchimba haisahau." Kisha trekta likaja, na jioni tukapita.

Kamembe

Maman Zuhura alinipokea stendi. Ni mwanamke mnene, mwenye sauti ya sokoni, anaongea Kiswahili chao kile chenye Kifaransa ndani. Alinikumbatia, halafu akachungulia nyuma yangu.

"Na mzee? Iko ndani ya gari?"

Nikatikisa kichwa. Akaelewa kabla sijafungua mdomo. Alijifunika uso kwa mtandio pale pale kati ya wapagazi, akawa anasema, "Mungu yangu, na mimi nilishamuambia banakuya. Nilimuambia, banakuya, Konsolata, pika pombe." Lile "tunakuja" langu lilikuwa limegeuka "banakuya", wanakuja.

Kwake nilipewa sambaza wa kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwani unaowala na kichwa, pamoja na bugali. Mimi nilitarajia ugali wetu wa mahindi. Wao ni wa mhogo, unavutika, na nilimeza kwa shida. Watoto wa nyumba wakacheka. "Anaogopa bugali!" Mama yao akawafokea, kisha akanigeukia.

"Bon. Kesho nitakutafutia muntu ya moto, ile pikipiki. Mimi sitafika nawe. Ile maneno mimi siwezi kumuambia yule maman. Mwaka moja yote namupa furaha. Utasema weye, mutoto ya mwenyewe."

Sikumlaumu. Ila usiku ule nilipanga maneno kichwani kama mtu anayejifunza wimbo mpya. Nilitaka kusema kwa upole, kwa heshima, kama tunavyosema kwetu.

Nkanka

Pikipiki inateremka kati ya migomba na kahawa, na kila kona ziwa linaonekana, linajificha, linaonekana tena. Ng'ambo yake ni Kongo. Dereva aliuliza mara moja tu njia ya kwa Maman Konsolata, na kila mtu njiani akanyoosha kidole kabla hajamaliza, na wengine wakaanza kutufuata kwa miguu.

Uwanja ulikuwa umefagiwa, alama za ufagio bado zinaonekana. Mkeka mpya ulikuwa umetandikwa. Mwanamke mrefu, mwembamba, alitoka akiegemea fimbo, amevaa kitenge ambacho ungejua kilikuwa kimehifadhiwa. Aliishika taya yangu, akaugeuza uso wangu huku na huku.

"Uko mutoto ya Venanti. Hii pua ni ya mama yetu." Kiswahili alikipata Bukavu, alikokuwa akiuza samaki miaka mingi. "Miye njo masenge yako. Shangazi, kwenu banasema. Na yeye? Iko wapi?"

Nikapiga magoti. Nikatoa sentensi yangu niliyoiandaa usiku kucha.

"Shangazi, baba ametutangulia."

Uso wake ukafunguka. Sina neno lingine. Mikunjo yote ikapanda juu.

"Alitangulia? Alipitia wapi, mbona sikumuona?" Akageuka kuangalia njia, kisha akapiga paja lake kama mtu aliyekumbuka. "Ah! Najua. Alienda kwanza kusalimia mama." Na kabla sijainuka akawa ameshazunguka nyumba, fimbo inagonga mawe, anaingia migombani kwa mwendo ambao sikuudhania.

Mimi nilidhani anakwenda kulia faraghani. Nikabaki nimepiga magoti, nikiona aibu kumfuata. Halafu nikamsikia anaita.

"Venanti! Venanti we!"

Ilikuwa sauti ya mtu anayemwita ndugu yake aje kula. Hapo ndipo nilipofahamu. Nilikimbia. Nilimkuta amesimama penye kaburi la zamani, lililozungushiwa maua ya njano, anaangalia kati ya migomba, bado anatabasamu, akidhani baba anamchezea.

"Hayuko," alisema. "Alishafika ziwani?"

Nikasema, "Shangazi, amekufa. Baba amekufa. Tumemzika. Nimekuja peke yangu."

Alinitazama mdomo kana kwamba nao ulikuwa unaongea lugha nyingine. Nikarudia kwa neno moja la Kinyarwanda nililolijua kutoka kwa baba mwenyewe: "Yapfuye."

Hakupiga kelele. Aliketi chini polepole, pembeni ya kaburi la mama yake, akaweka fimbo mapajani. Akasema, "Tena?"

Sikuelewa ile "tena" mpaka kesho yake. Wakati ule majirani walikuwa wameshafika, na wanawake wakaanza kulia, na mitungi ya pombe ya ndizi iliyopikwa kumpokea baba ikatolewa, ikawa ya kumlilia. Watu walikaa uwanjani, walimtaja utotoni mwake: alivyobebea watu mizigo Kamembe, alivyolima mashamba ya wenzake kwa sababu kwao ardhi haikutosha, alivyoogelea. Nilizitoa kahawa zangu. Wazee walizitafuna kwa uvumilivu mkubwa, na mmoja akaniuliza kwa upole kama kwetu hakuna moto.

Asubuhi ya pili

Watu walipotawanyika kwenda mashambani, shangazi aliniweka karibu yake juani, akanipa kikombe cha uji wa mtama.

"Tulishamulilia zamani," alisema. "Alikuya muntu kutoka kule kwenu. Akasema, Venanti alikufa mu vita, Uganda. Mama alikuwa bado muzima. Tulimulilia, tuliomba misa, tukamaliza ikiriyo, siku za msiba. Mama hakuishi sana nyuma ya pale. Halafu Zuhura ananiambia iko muzima. Nikasema, basi yule muntu alikosea, mu vita bantu banachanganyikiwa. Nilifurahi tu."

"Alikuwa mtu wa namna gani, aliyekuja?"

"Muntu ya Butare. Ya kigugumizi. Neno 'alikufa' lilimukatalia mu kinywa, masikini. Tulimungojea. Tulizani ni kigugumizi."

Niliweka kikombe chini. Wenzangu, Bazili alikula Krismasi nyumbani kwetu kila mwaka niliouishi. Alikuwa akiketi na baba bega kwa bega. Hakukosea. Alitumwa.

Ningeweza kunyamaza. Yule mama alikuwa ameshapata msiba wa kumtosha, na kosa la vitani ni jambo linaloweza kuachwa lilivyo. Lakini aliniangalia, akasema, "Unamujua," na mimi sikuweza kukana. Nikamwambia Bazili yu hai, alikuwa rafiki wa baba mpaka kaburini.

Kisha akauliza kitu kimoja. "Kule mu vita, aliua muntu?"

Kule Nkanka watu hawaulizi swali hilo kwa udadisi. Nikamwambia kile baba alichoniambia kitandani, mara moja tu, na akanikataza kumwambia mama.

Ilikuwa asubuhi yenye ukungu, mbele ya Masaka. Waliona watu wanasogea, baba akafyatua. Mtu akaanguka, akawa analia, "Mawe! Mawe!" anamwita mama yake vile vile wanavyomwita mama huko Nkanka. Alilia mpaka akanyamaza. Ukungu ulipoinuka baba akaenda kumwona. Alikuwa kijana wa rika lake, mwenye sare ya adui, na viganja vyake vilikuwa na sugu za jembe. Kibarua, kama yeye. Pengine alipita njia nyingine kutoka milima hii hii. Baba alimchimbia kaburi peke yake, refu, na Bazili akamsaidia kumteremsha. Hakunieleza zaidi. Alisema tu, "Nilifikiri, nitaketije mbele ya mama yangu?"

Sasa nikajua alichofanya baada ya kufikiri hivyo. Alimtuma rafiki yake akamzike yeye, kwao, kwa maneno.

Shangazi alilia wakati huo, si jana yake. Alilia kwa sauti mpaka kuku wakakimbia. "Mupumbavu!" alisema. "Mupumbavu ya kaka yangu! Angelikuya! Mama angelimupiga, angelimupa chakula, angelikaa! Hapa nani ambaye hakuona kifo? Hapa tunaishi na bale bote balioua!"

Akanifinya mkono mpaka ukaniuma, kana kwamba mimi ndiye Venanti.

Siku ya kunawa

Kwao msiba hufungwa kwa watu wote kunawa mikono. Shangazi aliomba misa, na baada yake tukakusanyika uwanjani, beseni la maji ya ziwa katikati. Watu walikuja mmoja mmoja, wakanawa, wakakaa. Nilipofika mimi nikainama ninawe kama wengine, lakini shangazi akasema, "Ngoja."

Aliketi kwenye kigoda mbele yangu. Akachukua mkono wangu wa kulia, akauosha mwenyewe, vidole, kiganja, mpaka kwenye kiwiko, kwa sabuni, taratibu kama anavyooshwa mtoto. Akauosha wa kushoto. Hakusema ni kwa ajili ya nani. Hakuna aliyekuwa na haja ya kuambiwa. Alipomaliza, maji ya beseni aliyamwaga mwenyewe, chini ya mgomba, akaniambia, "Bon. Sasa tule."

Tulikula ndizi na maharage na samaki, na kwa mara ya kwanza bugali ulipita kooni.

Kurudi

Njia ya kurudi ilikuwa fupi, kama kawaida ya njia za kurudi. Msitu ulikuwa na jua.

Nilipofika nilimwendea Bazili kabla hata sijafungua begi. Alikuwa anaanika kahawa. Nilimwambia nimejua. Aliacha reki, akakaa juu ya turubai katikati ya kahawa. Nikamuuliza swali lililonitesa njia nzima: kwa nini baada ya kupeleka uongo ule hakurudi tena hata kwao Butare, wakati yeye hakuwa na deni na mtu?

Ilimchukua muda. Nilimngojea, kama walivyomngojea wao.

"Wa-wangeniuliza Venanti amezikwa wapi," alisema. "Ni-ningeonyesha nini?"

Kwa hiyo kumbe wote wawili walikosa kurudi nyumbani kwa sababu ya neno moja.

Nikamwambia sasa akiulizwa aseme: amezikwa Kayanga, nyuma ya kanisa, karibu na mti wa mbuni, na kwaya iliimba. Nikamwambia Konsolata anajua. Aliuliza kama alikasirika. Nikasema sana. Akaitikia kwa kichwa, akatazama kahawa yake, akaniuliza itakauka lini, kana kwamba mimi ndiye mkulima.

Jumamosi hamkuniona kwenye mazoezi, na mwalimu wa kwaya amelalamika. Nilikuwa stendi, namsafirisha Bazili kwao. Bazili alikuwa amevaa suruali ya zamani ya jeshi, mke wake akambadilisha, akamvisha ya kanisani. Nilimfungia chakula kwenye kitambaa, nikamkalisha dirishani, nikamwonyesha dereva. Basi lilipoanza kuondoka aliteremsha kioo, akaanza kunisemesha jambo refu, na neno la kwanza likamkwamia. Nilitembea pembeni ya basi nikimsubiri, kisha nikakimbia, mpaka nikashindwa.